Bushi Isiyoomba Grisi

Pampu ya mkono ya Afridev haina mahali pa kutia grisi. Mtu aliyezoea mashine hulitafuta tundu lake asilione. Ataizunguka pampu, atafungua mfuniko wa kichwani, atachungulia, na ndani atakuta pini ya chuma, bushi za plastiki zilizovaana moja ndani ya nyingine, na basi. Gololi hakuna, mafuta hakuna. Mpini unapanda na kushuka tangu alfajiri, ndoo baada ya ndoo, na kinachoubeba ni plastiki inayosuguana na plastiki, kavu kavu.

Mara ya kwanza kuiona imefunguliwa nilidhani kuna kitu kimeibwa.

Kumbe ndivyo ilivyokusudiwa, na waliokusudia walikaa na tatizo hilo muda mrefu, tena si mbali na sisi. Mbegu ya pampu hii ilianzia Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiitwa Maldev. Kisha ikahamia Kenya, na sehemu kubwa ya kuikamilisha ilifanyika Kwale, pwani ya kusini, kwenye visima vya Wadigo na Waduruma. Ulikuwa muongo wa Umoja wa Mataifa wa maji ya kunywa, kuanzia 1981 hadi 1990. Shirika la maendeleo la Umoja huo na Benki ya Dunia walikuwa wanapima pampu za mkono za kila namna, nyingine katika maabara Uingereza, nyingine mikononi mwa watu wenye ndoo kweli. Swali la maabara lilikuwa pampu ipi inatoa maji mengi. Swali la Kwale lilikuwa gumu zaidi: ikiharibika Jumanne, Jumatano nani ataitengeneza?

Jibu la siku zile lilikuwa gari kutoka mjini, lenye mafundi, winchi na vifaa. Gari likikosa mafuta, au barabara ikikatika kwa mvua, kijiji kilirudi kwenye dimbwi. Ndipo likaja wazo la pampu ambayo wanakijiji wenyewe wangeweza kuifungua na kuifunga, kwa spana moja, bila winchi na bila kumsubiri mtu. Kwale walifundishwa wanawake, kwa hoja iliyo wazi kwamba wao ndio wanaoiamkia pampu. Lakini fundi wa kijijini ukimpa mashine inayodai beringi mpya kupigiliwa kwa shindilio la karakana, umempa cheo tu, kazi hajapata. Kila kitu kilitegemea kile kijisehemu kinachobeba mpini.

Kwa nini basi wasiweke beringi ya gololi, kama ile ya gurudumu la baiskeli? Waliijaribu wengi. Pampu mashuhuri ya India Mark II, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970, inatumia beringi za gololi kwenye egemeo la mpini, na mnyororo unaotaka kupakwa grisi kila mara. Ni pampu nzuri, imenywesha mamilioni. Ila beringi ya gololi imezaliwa kuzunguka. Gurudumu likizunguka, gololi nazo zinatembea, zinabadilishana mzigo, grisi inasambaa. Mpini wa pampu hauzunguki, unabembea. Unashuka kidogo, unapanda kidogo, na gololi zinabaki palepale zikikandamiza mahali palepale, siku nzima, mwaka mzima. Grisi inasukumwa pembeni na hairudi. Baada ya muda njia ya gololi inatobokatoboka vishimo, na beringi inaanza kukwaruza kama kinu chenye mchanga.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Tumezoea kuamini kwamba mafuta yakiwepo, mambo yatateleza. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa anachunguza ekseli za magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili amiminie mafuta, akashangaa kuona mafuta yanapanda na kutoka kwenye tundu lilelile. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akaliziba kwa kijiti, nacho kikatoka. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: ekseli inayozunguka kwa kasi inayavuta mafuta na kuyabana chini yake, hadi yanakuwa na nguvu ya kuinyanyua. Ekseli inaelea. Chuma hakigusi chuma tena.

Ufunguo wa habari hiyo ni kasi. Ekseli ya treni inayo. Mpini wa pampu hauna, na kibaya zaidi, unasimama mara mbili katika kila mvuto, mara moja juu na mara moja chini. Kila unaposimama, ule utando wa mafuta unakufa, chuma kinakaa juu ya chuma, na safari inaanza upya kwa mkwaruzo. Bawaba ya geti ni hivyohivyo, na pedali ya breki, na mikono ya mashine nyingi viwandani inayokwenda na kurudi bila kumaliza mzunguko. Hapo mafuta hayafanyi kazi tunayodhani yanafanya.

Sasa tushuke chini kabisa, kwenye mguso wenyewe. Chukua pini ya chuma iliyokerezwa ikang'aa hata unajiona uso. Kwa jicho ni laini. Kwa darubini kali ni safu za milima na mabonde. Ukiilaza juu ya chuma kingine, vinagusana kwenye vilele tu, na eneo linalogusana kwa kweli ni chembe ya lile unaloliona. Uzito wote unabebwa na vilele hivyo vichache. Shinikizo linakuwa kubwa kiasi kwamba vilele vinaumana kama vilivyochomelewa. Kusogeza chuma kimoja juu ya kingine ni kuvunja vichomeleo hivyo, kimoja kimoja, na kila kinapovunjika kinaondoka na kipande cha mwenzake. Msuguano ndio huo, na kulika ndiko huko. Frank Philip Bowden na David Tabor wa Cambridge walilieleza hili kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1950, na wahandisi mpaka leo wanaanzia hapo.

Dawa ni kuweka kitu katikati. Mafuta ni kitu kimoja, lakini yanataka kasi na yanataka mtu wa kuyaongeza. Je, ikiwa kitu cha katikati ni kigumu, kinakaa penyewe, na kinajipaka chenyewe?

Akina mama wanalijua jibu. Zipu ya begi la shule ikigoma, inapakwa mshumaa. Seremala akiona msumeno unakwama kwenye mbao, anaupitisha kwenye sabuni. Nta na sabuni si mafuta ya kumiminika. Ni vitu vigumu vinavyokubali kuacha tabaka jembamba la mwili wao juu ya kingine, na tabaka hilo ndilo linaloteleza.

Miti pia inalijua. John Harrison, seremala wa Kiingereza aliyekuja kutengeneza saa za kuongozea meli baharini, katika miaka ya 1720 alijenga saa ya mnara huko Brocklesby Park ambayo haikuhitaji mafuta. Mafuta ya enzi zake yalikuwa yanaganda kama gundi. Yeye akatumia mti mzito wa nchi za Karibi uitwao lignum vitae, wenye utomvu wa nta ndani ya nyuzi zake. Unaposuguliwa unajitolea ulaini wake mwenyewe. Saa ile imeendelea kutembea mpaka zama zetu. Mwaka 1854 Mwingereza mwingine, John Penn, akaupeleka mti huo chini ya meli za mvuke, pale shafti ya rafadha inapotoka nje ya mwili wa meli, na maji ya bahari yakawa ndiyo mafuta yake. Kwa zaidi ya miaka mia moja meli za dunia zilitembea juu ya mbao.

Plastiki iliyokuja kufanya kazi kama ya mti huo ilipatikana kwa mtungi uliokataa kutoa gesi. Tarehe 6 Aprili 1938, Roy Plunkett, mkemia wa miaka 27 katika maabara ya kampuni ya DuPont, New Jersey, alikuwa anatafuta gesi mpya ya majokofu. Msaidizi wake Jack Rebok alifungua vali ya mtungi na hakikutoka kitu. Wakaupima: uzito ulikuwa uleule wa mtungi uliojaa. Mtu mwingine angeutupa. Wao waliukata kwa msumeno, na ndani wakakuta unga mweupe, wa nta nta, unaoteleza vidoleni. Molekuli za gesi zilikuwa zimeshikana mikono zenyewe kwa zenyewe na kuwa minyororo mirefu. Dunia iliijua baadaye kwa jina la Teflon.

Ndani ya mnyororo huo kuna uti wa kaboni, na kila kaboni imevikwa florini pande zote. Florini inaing'ang'ania kaboni yake kwa nguvu kubwa ajabu, na ikishaipata haina haja tena na jirani. Ndiyo maana tindikali haiwezi kuila, yai haliishiki, na mnyororo mmoja unapita juu ya mwingine kama fito mbili za mwanzi zilizolowa. Vita Kuu ya Pili iliiingiza kwenye mitambo ya Marekani ya kusafisha urani, kwa kuwa gesi ya kule ilikuwa inakula kila kizibo kingine. Amani ikaileta kwenye vikaango, na kwenye ule utepe mweupe ambao fundi bomba anauzungusha kwenye hesi za paipu kabla ya kukaza. Ukiunyoosha utepe huo katikati ya vidole utahisi ninachokisema.

Bushi ya Teflon inapoanza kazi juu ya pini ya chuma, dakika za mwanzo inajitoa mwili. Chembe zake zinaingia kwenye mabonde ya chuma, zinajaza, zinasawazisha, mpaka pini yote imevaa utando mwembamba wa plastiki. Kuanzia hapo Teflon haisuguani tena na chuma. Inateleza juu ya Teflon. Nguvu ya kuisukuma inashuka hadi kama kilo tano au kumi kwa kila mzigo wa kilo mia. Tena kuianzisha na kuiendeleza kunataka nguvu karibu ileile, kwa hiyo haianzi kwa mshtuko wala haipigi kelele ya geti la usiku.

Habari ingeishia hapa kama utelezi ungekuwa ndiyo uimara. Aliyejifunza kwa uchungu kwamba sivyo alikuwa daktari.

John Charnley alikuwa mpasuaji wa mifupa katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitaka kuwawekea nyonga mpya watu ambao zao zilikuwa zimelika mpaka hawatembei. Nyonga ni beringi: tufe ndani ya kikombe, inayobembea kama mpini wa pampu, na hakuna mtu wa kuitia grisi. Akachagua kikombe cha Teflon kwa sababu hakukuwa na kitu kinachoteleza kuishinda. Wagonjwa wapatao 300 wakawekewa. Maumivu yakaisha, wakatembea, wengine walishuka vitandani kama waliofufuka. Miaka michache baadaye wakaanza kurudi. Kikombe kilikuwa kinalika kwa kasi asiyoitarajia, na makombo yake meupe yalikuwa yanauwasha mwili kwa ndani na kuula mfupa. Charnley alitaka kujua kwa hakika kama ni makombo hayo, akajipandikizia Teflon iliyosagwa kwenye paja lake mwenyewe. Paja likajibu.

Mwaka 1962 mchuuzi alipita hospitalini akiwa na kipande cha plastiki nyingine. Hakuwa muuza dawa. Alikuwa anauza gia za plastiki za mitambo ya kufuma nguo ya viwanda vya Lancashire. Plastiki yake ilikuwa polithini, ndugu wa mfuko na wa ndoo yako, ila ya minyororo mirefu kupita kiasi, iliyosukana kama katani. Charnley hakuvutiwa. Ikitelezeshwa, haifiki kwa Teflon. Fundi wake wa karakana, Harry Craven, aliichukua na kuifunga kwenye mashine ya kupimia wakati mkubwa wake yuko safarini. Charnley aliporudi alikuta polithini imesuguliwa wiki tatu mfululizo na imelika kidogo kuliko Teflon inavyolika katika siku moja. Novemba mwaka huohuo kikombe cha kwanza cha polithini kiliingia mwilini mwa mgonjwa. Nyonga za namna hiyo ndizo zilizoenea duniani. Upasuaji wa kubadili nyonga leo unafanyika hata Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Mtu anayepanda ngazi na nyonga ya bandia anatembelea plastiki iliyokuja hospitalini kutoka kiwanda cha nguo.

Hadithi hii naipenda kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo mdomoni tunayachanganya. Kuna kuteleza, na kuna kudumu. Teflon peke yake ni bingwa wa la kwanza na mnyonge wa la pili: ni laini, na ikibanwa inatambaa polepole kama ugali ulioachwa. Kwa hiyo viwandani karibu haitumiki tupu. Inachanganywa na nyuzi za kioo, unga wa shaba nyeusi, kaboni au grafati, vitu vya kuipa mfupa. Au kinyume chake: nailoni au asetali inakuwa mwili, na Teflon inatiwa humo kama chumvi kwenye mchuzi. Nyingine zina matone ya mafuta yaliyofungiwa ndani, yanayotoka kidogo kidogo kadiri bushi inavyolika. Katika magari kuna bushi za bati la chuma lililowekewa tabaka la shaba yenye vitundu, na Teflon imekandikwa humo. Bawaba za mlango wa gari lako huenda zinatembea juu yake bila wewe kujua. Kila mchanganyiko una mahali pake, na mafundi wa kazi hiyo wanazungumza kama wapishi.

Ukiingia kiwandani na jicho hili utaanza kuziona. Mashine ya kufungasha mkate au kujaza chupa za maziwa haitaki tone la grisi lidondoke penye chakula. Mtambo wa kufuma hautaki doa kwenye kitambaa. Parafujo refu linalosukuma unga au nafaka ndani ya bomba linashikiliwa katikati na beringi iliyozama ndani ya unga wenyewe, na huwezi kutia grisi ndani ya unga wa watu. Zamani waliweka mbao ngumu iliyochemshwa kwenye mafuta, leo ni nailoni au ile polithini ya Charnley. Penye vumbi la saruji au la mchanga hali ni mbaya zaidi, maana grisi inakamata vumbi, na grisi yenye mchanga ni msasa. Unadhani unalainisha, kumbe unasaga shafti yako.

Mashine ya posho yenye injini, je? Hapana. Hapo beringi ya gololi ibaki na heshima yake. Uwezo wa bushi ya plastiki unapimwa kwa kuzidisha shinikizo na kasi: inastahimili mzigo mkubwa ikienda polepole, au kasi ikiwa mzigo ni mwepesi, lakini vyote viwili pamoja vinaiua. Kinachoiua ni joto. Chuma kikipata joto kinalisambaza. Plastiki inalifungia, kwa kuwa hupitisha joto mara mia mbili hivi pungufu ya chuma. Joto likikosa pa kwenda bushi inalainika, inajibana kwenye shafti, msuguano unaongezeka, joto linazidi, na ndani ya dakika umepata uji.

Kosa jingine niligharimia mwenyewe. Nilikerezewa bushi za nailoni za mkokoteni, kazi safi, zimekaa kwenye ekseli bila kucheza hata unywele. Kiangazi chote gurudumu lilikwenda vizuri. Masika yalipokolea likakaza, likagoma. Nailoni inakunywa maji na ikinywa inavimba. Plastiki pia hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko chuma. Fundi alinikerezea nailoni kwa vipimo vya shaba, hakuacha nafasi ya kupumua. Ukipeleka kazi kama hiyo kwa mkereza, mwambie plastiki hii itakaa wapi: majini, juani, au karibu na injini. Mwambie pia aing'arishe shafti, kwa kuwa shafti yenye mikwaruzo ni tupa, na hakuna plastiki itakayotengeneza utando juu ya tupa.

Asetali hainywi maji hivyo. Na hapo tunarudi Kwale, kwenye ile bushi ndani ya bushi. Ya nje ni asetali, ya ndani ni nailoni, na mwendo wote unatokea kati ya hizo mbili. Hazikupangwa hivyo kwa bahati. Tofauti na Teflon, plastiki hizi zikisuguana ndugu kwa ndugu hushikana na kulana haraka. Asetali kwa nailoni, kabila tofauti, hulika kidogo sana. Pini ya chuma haisuguliwi kabisa. Ikiingia chumvi, ikiingia maji, hakuna kutu mahali pa mwendo. Mwendo wenyewe ni wa polepole, mzigo ni wa mkono wa binadamu, joto halipati nafasi. Ni vigumu kufikiria mashine inayoifaa bushi ya plastiki kuliko hii.

Kisha kuna jambo ambalo mhandisi wa kiwandani angeliona udhaifu. Bushi hizi zinalika, na waliozibuni walikubali zilike. Maelekezo ya matengenezo yanataka zibadilishwe pamoja na vizibo vya mpira kama mara moja kwa mwaka, ziwe zimechoka kabisa au la. Zinachomolewa kwa mkono na mpya zinapachikwa kwa mkono. Mpini na pini, vitu vya gharama, vinabaki vizima kwa sababu kipande cha bei ndogo kimekubali kuliwa badala yao. Beringi ya gololi ni bora mpaka siku inapokufa, na siku hiyo inataka karakana. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti inayohesabika kijijini.

Nisiipambe kupita kiasi. Bushi haileti maji. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini ulikadiria kwamba takriban pampu moja kati ya tatu Afrika kusini mwa Sahara haifanyi kazi. Fito zinakatika, mabomba yanatoboka, kutu inakula, na mara nyingi zaidi mfuko wa kamati ni mtupu siku kizibo kinapohitajika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia vifaa vidogo ndani ya mipini ya pampu, kwanza Kyuso, hukohuko Kenya, kisha Kwale, vinavyohesabu kubembea kwa mpini na kutuma habari kwa mtandao wa simu. Mpini ukinyamaza, mafundi wanajua kuna jambo. Mwendo uleule ulioziua beringi za gololi sasa ndio unaotoa taarifa.

Teflon nayo ina deni lake. Kemikali zilizotumika kuitengeneza zilichafua maji ya watu kandokando ya Mto Ohio, Marekani, na kesi zake zilikwenda mahakamani miaka mingi. Mwaka 2023 nchi tano za Ulaya, zikiwemo Ujerumani na Sweden, zilipendekeza kuzibana kemikali zote za jamii hiyo kwa sababu haziozi. Viwanda vya beringi vinatafuta mapishi yasiyo na florini. Nailoni na asetali zenyewe hazina florini, kwa hiyo bushi za aina iliyochaguliwa Kwale haziguswi na ugomvi huo.

Mchoro wa Afridev hauna mwenyewe. Umewekwa wazi, karakana yoyote yenye uwezo inaweza kuitengeneza, na ndiyo maana unaikuta kuanzia Msumbiji hadi Pakistani. Ukipita penye moja ukakuta kijana kaja na kopo la grisi kwa nia njema, mzuie. Bushi haiitaki, na vumbi litakalonata hapo litaila mapema. Mwambie pesa ya grisi aitie kwenye mfuko wa kamati, inunue bushi za mwakani.